Mgeni Aliyepewa Jembe: Je, Kufukuzwa Nchini si Adhabu?

Miongoni mwa methali ambazo kila mwalimu wa Kiswahili amezifundisha ni ile isemayo, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aghalabu sisi huieleza darasani kuwa ni fundisho juu ya kazi: kwamba mgeni asikae bure akala jasho la wenyeji. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamalizi maana. Anayepewa jembe hupewa pamoja nalo mahali pa kulima. Anayelima hungoja mavuno. Na anayengoja mavuno huwa ameacha kuhesabu siku za kuondoka. Basi methali hii, ikitazamwa vema, yatueleza namna mgeni anavyoacha kuwa mgeni. Jambo moja haikulitamka. Mtu huyo, akiisha kulima miaka ishirini, kisha akakosa, je, ahukumiwe kama mwenyeji aliyekosa, au arudishwe kwenye ugeni wake wa siku ya kwanza na kuonyeshwa njia?

Swali hili hatukulizua ili kunoa akili tu. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, watu walioingia kwa njia ya halali, wenye hati zote, hupoteza haki ya kukaa kwa sababu ya kutiwa hatiani mahakamani. Nasi hatuko mbali na jambo hilo. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972 na kuishi ukimbizini Tanzania. Na katika miaka ya 2010 wakimbizi kutoka Kongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokewa huko. Wengi wao walikwenda na Kiswahili vinywani mwao. Katika madarasa yetu wamo wanafunzi wenye kaka, shangazi au binamu ng'ambo, na wamo wanaojiandaa kuwafuata. Kwa hiyo tumeona vema kulijadili jambo hili kwa utaratibu, tukiichukua Marekani kuwa mfano wetu mkuu, kisha tupime kama ni haki.

Tuanze na maneno, kwani hiyo ndiyo kazi yetu. Mgeni aliyekubaliwa kuishi Marekani bila ya kuwekewa mpaka wa muda huitwa mkaazi wa kudumu, na hati yake hujulikana kwa jina la kadi ya kijani. Mkimbizi aliyepokewa hutakiwa kuiomba baada ya mwaka mmoja. Mwenye kadi hiyo hufanya kazi, hulipa kodi, hununua nyumba, na aweza hata kuingia jeshini. Ni rahisi basi akadhani kwamba kudumu ni kudumu. Lakini katika sheria ya uhamiaji ya nchi ile, ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1952, neno hilo limebeba sharti tumboni mwake: mtu atadumu maadamu hajatiwa hatiani kwa makosa ya aina fulani.

Makosa hayo yamepangwa kwa mafungu. Liko fungu la dawa za kulevya, ambamo karibu kila kosa humtia mtu hatarini, isipokuwa kukutwa mara moja tu na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe. Liko fungu la silaha za moto. Liko fungu la ukatili wa nyumbani na kuwadhuru watoto, lililoongezwa mwaka 1996. Tena liko fungu ambalo sheria huliita kwa maneno yanayokaribia kusema "uovu wa tabia". Kosa moja la namna hiyo, likitendwa ndani ya miaka mitano tangu mtu aingie nchini, na likiwa ni la kuweza kuadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, latosha kumwondosha. Na yakiwa mawili yasiyotokana na mpango mmoja, miaka haihesabiwi tena. Mwaka 1951, katika kesi ya Jordan dhidi ya De George, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ulaghai umo ndani ya maneno hayo. Jaji Robert Jackson alipinga, akiona kwamba maneno yenyewe hayana maana iliyotulia. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha atamwelewa, kwa sababu anajua jinsi neno "tabia" linavyoweza kuvutwa huku na huku na kila mwenye kulishika.

Fungu zito kuliko yote ni lile tunaloweza kuliita jinai iliyokithiri. Lilipoanzishwa mwaka 1988 lilikuwa na makosa machache ya kutisha: kuua, biashara ya dawa za kulevya, na biashara haramu ya silaha. Hapana aliyelia. Lakini fungu hilo likapanuliwa mwaka 1990, likapanuliwa tena mwaka 1994, na mwaka 1996 likapanuliwa mno. Tangu hapo wizi uliohukumiwa kifungo cha mwaka mmoja umo ndani yake, ambapo zamani ilikuwa miaka mitano. Na ulaghai wenye hasara iliyozidi dola 10,000 umo, ambapo zamani ilikuwa dola 200,000. Zaidi ya hayo, kifungo cha nje nacho huhesabiwa. Mtu aliyeiba bidhaa dukani, akahukumiwa mwaka mmoja, kisha hakimu akamhurumia na kumwambia aende nyumbani awe na mwenendo mwema, aweza asilale gerezani hata usiku mmoja, na bado mbele ya sheria ya uhamiaji akawa ametenda jinai iliyokithiri. Sheria ile pia hutazama nyuma: aliyehukumiwa kabla ya 1996 kwa kosa ambalo siku ile halikuwemo katika fungu hilo aliweza kujikuta ametiwa ndani yake.

Mwenye kuangukia fungu hilo hukosa kitu kimoja kikubwa, nacho ni mizani. Mkaazi mwingine wa kudumu aliyekosa, akiwa na miaka mitano ya ukaazi huo na miaka saba ya kuishi nchini mfululizo, aweza kumwomba jaji wa uhamiaji apime mema yake na mabaya yake, kisha amwachie. Mwenye jinai iliyokithiri hana ruhusa ya kuomba hivyo. Akieleza kwamba aliletwa mgongoni mwa mama yake akiwa na miaka miwili, kwamba ana watoto wanne raia wa nchi ile, kwamba kosa ni la miaka kumi iliyopita na tangu hapo hakukosa tena, jaji husikia lakini mkono wake umefungwa. Zimebaki kinga chache, kama ile ya mtu anayethibitisha kwamba huko aendako atateswa.

Sasa tuulize: jambo hili ni nini? Mtu wa kawaida, akiona mwenzake anatolewa gerezani na kupelekwa moja kwa moja katika ndege, akiwaacha mke na watoto, atasema ameadhibiwa mara mbili. Sheria yasema, la. Yasema kwamba adhabu ilikuwa kile kifungo, na kwamba kuondoshwa nchini si adhabu, bali ni taratibu tu ya kutekeleza masharti ya ukaazi.

Kauli hiyo ina historia yake. Mwaka 1892 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwataka vibarua wa Kichina wawe na hati ya ukaazi. Asiyekuwa nayo angefukuzwa, isipokuwa aeleze sababu ya kutokuwa nayo na kumleta shahidi mweupe mwenye kuaminika athibitishe kwamba alikuwa mkaazi. Watu watatu walipeleka shauri lao mbele ya Mahakama ya Juu. Mmoja wao alikuwa na mashahidi, ila walikuwa Wachina wenzake. Mwaka 1893, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Fong Yue Ting, majaji watano dhidi ya watatu waliamua kwamba taifa lina uwezo wa kumwondosha mgeni, na kwamba kumwondosha huko si adhabu ya kosa la jinai. Jaji David Brewer, aliyekuwa miongoni mwa wale watatu, alipinga vikali na kushikilia kwamba kumtoa mtu nyumbani kwake, mbali na jamaa zake na mali yake, ni adhabu, tena ni kali. Wachina wale hawakuwa wahalifu. Hata hivyo kauli iliyotolewa juu yao ndiyo iliyorithiwa na kutumiwa hadi leo.

Huenda msomaji akasema kwamba huu ni mzozo wa majina. La hasha. Jina la kitu ndilo huamua maswali gani yaulizwe juu yake. Kikiitwa adhabu, lazima tuulize: je, inalingana na kosa? Je, sheria ilikuwapo kosa lilipotendwa? Je, asiye na uwezo atapewa wakili na serikali? Kikiitwa taratibu, maswali hayo yote hunyamazishwa. Hivyo ndivyo ilivyo. Katiba ya Marekani hukataza kumwadhibu mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya kosa, lakini katazo hilo halikumlinda mkaazi na sheria ya 1996, kwa kuwa kufukuzwa "si adhabu". Mshtakiwa fukara katika kesi nzito ya jinai hupewa wakili. Mbele ya jaji wa uhamiaji aweza kuwa na wakili, lakini si kwa gharama ya serikali. Neno moja limefungua mlango mmoja na kufunga mingine mitatu. Sisi tunaowafundisha vijana kwamba maneno yana uzito hatuna budi kuliona hilo.

Hapa ni haki tuwasikilize wenye maoni mengine, kwani hoja zao si nyepesi. Wa kwanza husema kwamba mwenye nyumba ana haki ya kuchagua nani akae naye, na kwamba mgeni aliingia akiyajua masharti. Wa pili hutukumbusha aliyedhulumiwa: ajuza aliyeibiwa akiba yake hataki kusikia habari za mizani. Wa tatu huuliza kwa nini mtu akae miaka ishirini bila ya kuomba uraia, ilhali mkaazi wa kudumu aruhusiwa kuuomba baada ya miaka mitano.

Tunakubali kwamba mwenye nyumba ana haki. Aliyeingia mwaka jana akaunda genge la wanyang'anyi, kisha akarudishwa alikotoka, hatuoni amedhulumiwa. Hata methali yetu haikusema apewe jembe siku ya kwanza. Tunakubali pia kwamba aliyedhulumiwa ana haki ya kuona mkosaji anaadhibiwa. Lakini ajuza yule, je, amepata zaidi wakati mwizi wake mgeni anapofungwa na kufukuzwa, kuliko jirani yake aliyeibiwa na mwizi raia aliyefungwa tu? Kama kifungo chatosha kwa mmoja, twahitaji sababu kwa nini hakitoshi kwa wa pili. Na juu ya uraia, ni kweli kwamba wengi hukawia kwa uzembe. Wengine hukwama kwa ada, au kwa mtihani wa lugha. Tena wapo watoto. Kwa sheria ya mwaka 2000, mtoto mkaazi wa kudumu aliye chini ya miaka 18, anayeishi chini ya ulezi wa mzazi wake, hupata uraia mzazi huyo anapoupata. Lakini mzazi akichelewa, na mtoto akatimiza miaka 18 kabla, mtoto hubaki na ugeni ambao hakuuchagua na pengine hata haujui.

Tuwafikirie ndugu wawili waliolelewa nyumba moja. Mkubwa aliletwa akiwa na miaka miwili. Mdogo alizaliwa huko huko. Walisoma shule moja, wanasema lugha moja. Siku moja wanaiba pamoja, wanahukumiwa pamoja, wanatumikia kifungo sawa. Siku ya kutoka, mdogo anarudi kwa mama yao; mkubwa anapelekwa nchi ambayo hajui hata kuuliza njia ndani yake. Kosa lao lilikuwa moja na hukumu yao ilikuwa moja. Kilichowatenga ni mahali pa kuzaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kutenda kosa la kuzaliwa mahali.

Kwa maoni yetu, haki ya mwenyeji kumwondosha mgeni ipo, bali hupungua kadiri jembe linavyozidi kuchakaa mkononi mwa mgeni. Siku ya kwanza ni kubwa; baada ya mwaka ni ndogo zaidi; baada ya miaka ishirini, au kwa aliyekulia pale tangu utoto, imebaki ndogo sana, na haifai kutumiwa ila kwa jambo zito sana. Kiasi hicho hakiwezi kupimwa na orodha ya makosa. Kinahitaji mtu wa kupima.

Nchi za Ulaya nazo zimeyumba katika jambo hili. Uingereza, baada ya kufichuka mwaka 2006 kwamba wafungwa wa kigeni zaidi ya elfu moja waliachiliwa bila ya kufikiriwa kama wafukuzwe, Waziri wa Mambo ya Ndani alipoteza cheo chake. Na mwaka 2007 ikatungwa sheria kwamba asiye raia akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, amri ya kumfukuza itatolewa, isipokuwa aingie katika nafuu chache zilizotajwa. Wafaransa, ambao kwa miaka mingi wamebishana juu ya kile wanachokiita "adhabu maradufu", mwaka 2003 waliwawekea kinga walioingia nchini kabla ya kutimiza miaka 13. Lakini sheria ya Januari 2024 ilizipunguza kinga za namna hiyo. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imejaribu kuweka mizani. Katika kesi ya Boultif dhidi ya Uswisi ya mwaka 2001, na ya Üner dhidi ya Uholanzi ya mwaka 2006, iliorodhesha mambo ya kupimwa: uzito wa kosa, miaka aliyoishi mtu nchini, mwenendo wake tangu akose, ndoa yake, hali ya watoto, na nguvu ya mafungamano yake na kila moja ya nchi mbili. Boultif alishinda, Üner, aliyeingia Uholanzi akiwa na miaka 12, alishindwa. Nasi hatuoni ajabu, kwa sababu mizani ya kweli haielemei upande mmoja siku zote. Tunachokidai ni kwamba mizani iwepo.

Limebaki jambo moja linalotugusa sisi zaidi kwa sababu ya malezi yetu. Wahenga walisema, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Twawafundisha watoto kwamba aliyekosa akikiri, amefanya uungwana, na wakubwa wataanza kutafuta njia ya kumsamehe. Kijana aliyelelewa hivyo, akisimama mbele ya mahakama ya Marekani na kuambiwa kwamba akikiri ataachiwa aende nyumbani leo hii, ataona mambo ni yale yale ya barazani kwa babu yake. Hajui kwamba kukiri huko, pamoja na adhabu ndogo yoyote, kwa sheria ya uhamiaji ni kutiwa hatiani, hata pale ambapo hakimu wa jinai ameamua asiandike hukumu. Anatoka akishukuru, kumbe ametia sahihi safari yake.

Mahakama ya Juu yenyewe imeuona mtego huo. Katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mtu aliyezaliwa Honduras, aliyekuwa mkaazi halali kwa miaka zaidi ya 40 na kulitumikia jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam, alikiri kosa la kusafirisha bangi kwa lori. Alisema wakili wake alimtuliza kwamba kwa vile amekaa sana, asiwe na wasiwasi. Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake kama kukiri kwaweza kumfukuzisha. Katika uamuzi huo Mahakama ilikubali kwamba kufukuzwa kumefungamana mno na hukumu ya jinai, hata ni vigumu kuvitenganisha. Baada ya miaka 117 tangu kesi ya Wachina wale, kauli ya Jaji Brewer ilianza kusikika tena kwa mbali.

Tusihitimishe kwa kuwanyoshea kidole wengine peke yao. Sheria za nchi zetu za Afrika ya Mashariki nazo zina orodha za wageni waliokatazwa, na waliotiwa hatiani wamo. Nayo Uganda, mwaka 1972, iliwapa Waasia siku 90 waondoke, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa, bila ya hata kosa la kuwashtakia. Neno "kufukuzwa" halihitaji kutafsiriwa kwetu.

Mwalimu wa Kiswahili basi afanye nini? Kwanza, ayafundishe maneno haya kwa uzito unaostahili: hatia, hukumu, kukiri, kifungo cha nje, mkaazi, raia. Mwanafunzi anayekwenda ng'ambo, na zaidi yule atakayekuwa mkalimani wa mahakama, ajue kwamba "kukiri" ya barazani na "kukiri" ya mahakamani ni maneno mawili yenye sauti moja, na kwamba kabla ya kulitamka la pili ni lazima amwulize wakili juu ya ukaazi wake. Pili, awape wanafunzi wa madarasa ya juu mada hii waijadili: "Aliyepewa jembe, je, aweza kunyang'anywa?" Wasibishane kwa kelele, wapange upande wa mwenyeji, upande wa mgeni, na upande wa aliyedhulumiwa, kisha mmoja wao awe mpimaji, aeleze sababu za uamuzi wake. Tutafurahi wasomaji wakituandikia katika jarida hili yale yatakayosemwa na wanafunzi wao, hasa na wale watakaotupinga.